Safu ya Waliokuwepo

Simpendi. Nalisema hili mwanzoni ili asije mtu akafika katikati akadhani nimelainika. Wapo wanaowakumbuka walimu wao kwa machozi ya shukrani. Mimi mwalimu wangu wa baiolojia, pale Mbeya, alinifundisha kutazama, na kwa sababu ya kutazama kwangu mama alilala siku tatu rumande. Daftari nililomwandikia alibaki nalo. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja ambao mama aliutaka mkononi mwake, na kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimempelekea.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa. Alivaa sweta la kijani mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya inapouma masikio, na alilivaa hilohilo mwezi wa Oktoba sisi tukiwa tumekunja mikono ya mashati. Shingoni alining'iniza darubini ambayo kioo chake kimoja kilikuwa na ufa, hivyo akitazama kitu alifumba jicho la kushoto na kukunja uso mzima kama mtu aliyeng'ata ndimu. Tulimwiga. Nina hakika alijua. Hakuwahi kutuambia tuache, maana hakutujali kiasi hicho.

Ukimwamkia alijibu marahaba bila kukutazama, kisha akauliza umeona nini njiani. Hakuuliza umeamkaje, wala nyumbani hawajambo. Ukijibu kwamba hukuona kitu, alitaka kujua kama ulitembea umefumba macho, na kama ndivyo, ni nani aliyekuvusha barabara kuu. Wasichana walikuwa wanazunguka nyuma ya maabara ili wasikutane naye asubuhi. Mimi nilikuwa napita mbele yake makusudi. Hilo nalo nalikiri: nilikuwa nimeona kitu kila siku, nami nilitaka aniulize.

Watu wengi wanadhani mtu wa ndege na mimea lazima aende porini. Yeye alitupeleka mjini. Jumamosi asubuhi, wale tuliojiandikisha tulimfuata mpaka mahali alipopachagua, na daima alichagua pabaya: mtaro nyuma ya soko la Mwanjelwa, ukuta wa stesheni ya treni, jalala la machinjio. Tulisimama hapo saa nzima bila kuzungumza, kila mmoja na daftari lake. Wauza nyanya walitucheka. Mama mmoja alituuliza kama tumetumwa na bwana afya, na alipoambiwa tunatazama ndege, aliwaita wenzake waje kuona vijana waliokosa kazi.

"Anayesubiri mpaka apelekwe mbugani ndipo aone mnyama," mwalimu alisema, "hataona hata nzi kwenye chai yake."

Na kweli tuliona. Tuliona mnana wakichomoa nyuzi za magunia ya mchele na kwenda kusuka nazo viota kwenye mikaratusi. Tuliona mche wa mnyanya uliojiotea mdomoni mwa bomba la maji machafu, umezaa, na hakuna aliyethubutu kuuchuma. Tuliona kunguru wakubwa wa milimani, wale wenye doa jeupe kisogoni, wakishuka kutoka mlima Loleza saa ileile ambayo wachinjaji walikuwa wanamwaga matumbo, hawakuwahi kuchelewa. Nilikuwa nimeishi Mbeya bwenini miaka miwili nikiamini ni mji wa vumbi na malori. Baada ya mwezi mmoja wa Jumamosi zile nilishindwa kupita mtaro wowote bila kuinama.

Jina la ndege halikuruhusiwa mpaka mwisho. Ukisema "kile ni kitororo" kabla ya kuandika rangi, ukubwa na alivyokuwa akifanya, alikufutia ukurasa mzima. Msemo wake ulikuwa huu: mwizi akikimbia sokoni hamumwulizi jina kwanza, mnatazama amevaa shati gani. Tuliupenda msemo ule. Tuliurudia mabwenini kwa sauti yake ya puani. Hatukufikiria kwamba mtu anayezungumza hivyo siku moja anaweza kumtafuta mwizi kweli.

Daftari lilikuwa na safu nne, tulizozipiga kwa rula na kalamu nyekundu: mahali, saa, kilichoonekana, waliokuwepo. Safu ya nne ilitusumbua. Niliwahi kumwuliza kwa nini tuwaandike watu wakati somo ni ndege na majani.

"Kwa sababu ndege naye anawaandika," alinijibu. "Unavyomtazama, na yeye anakutazama. Usipojua nani alikuwepo, hutajua kwa nini ameondoka."

Basi tukawaandika watu. Muuza nyanya, mchinjaji, mtoto mwenye baiskeli, askari wa treni. Ilikuwa sheria kama sheria ya kunawa mikono, na kama sheria zote za namna hiyo, baada ya muda tuliifuata bila kuifikiria.

Alikuwa mkatili, na ukatili wake ulikuwa na faida, jambo linalonikasirisha zaidi. Kwetu kinyonga anaogopwa. Watu wazima wanavuka barabara wakimwona. Alikuwapo mwenzetu mmoja, mwana wa mchungaji, kijana mrefu, golikipa wa shule, ambaye alitetemeka hata kwa picha ya kinyonga kitabuni. Mwalimu alirudi siku moja kutoka milima ya Uporoto na kinyonga mwenye pembe tatu, akamweka kwenye mkono wa sweta la kijana yule mbele ya darasa zima, akamwambia asimame hivyo mpaka amalize kuandika macho ya mnyama yanavyozunguka. Kijana akaanza kulia. Mwalimu akampa kalamu kwenye mkono mwingine.

"Machozi hayazuii mkono," alisema. "Andika."

Akaandika. Maelezo yale ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote mwaka ule, na mwalimu aliyabandika ukutani yakakaa mpaka yakafifia. Golikipa hakuja tena Jumamosi. Akikutana na mwalimu alitazama chini. Sisi wengine tulicheka, nami nilicheka kuliko wenzangu, kwa vile nilijua mimi siogopi vinyonga.

Mwaka huohuo alitupeleka Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, tukawaone kweleakwelea. Wanakuja kama moshi, wanajikunja angani kwa pamoja, wanatua, na mahali walipotua masuke yanabaki mepesi. Watoto walikuwa wanawatupia udongo kwa kombeo, wanawake wanapiga madebe, sauti zimewakauka tangu alfajiri. Mwalimu alisimama tutani na daftari lake, jicho moja limefumba, akihesabu makundi. Mwanamke mmoja aliacha debe lake akamwendea.

"Mwalimu, hao unaowahesabu wamekula ada ya mtoto wangu."

"Ndiyo maana nawahesabu," alisema, na hakushusha darubini.

Yule mama alimtazama kwa muda, kisha akatutazama sisi kwa huruma, kama watoto wa mlevi. Miaka baadaye nilifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapohapo Ubaruku, na kila kweleakwelea walipokuja nilishika debe nikapiga kuliko mtu yeyote. Lakini kichwani nilikuwa nahesabu makundi.

Nyumbani kwake alipika kwa mkaa. Nalisema hili kwa sababu alikuwa mtu wa kumpiga kofi mwanafunzi aliyevunja tawi la mjakaranda wa shule, ilhali magunia ya mkaa yalisimama nyuma ya jiko lake, na mkaa huo ulishuka kutoka kwenye milima ileile aliyotufundisha kuilinda. Siku moja tulipomsaidia kubeba vitabu, mmoja wetu aliuliza kwa adabu mkaa ule umetoka wapi. Mkewe, ambaye siku zile alikuwa hai na alikuwa mcheshi, alijibu kabla yake: mkaa hauna mahali wala saa, wanangu, una moto tu. Mwalimu aliingia ndani.

Haki yake nitampa katika jambo moja. Nilipougua homa kali kidato cha tatu, nililazwa zahanati siku mbili, na yeye alikuja akakaa kwenye kiti cha mbao pembeni ya kitanda mchana kutwa. Hakuniuliza hali. Alitazama ukuta, akaandika. Alipoondoka, muuguzi aliniambia yule mzee wangu ana upendo sana. Niliomba kuona alichoandika kwenye karatasi aliyoisahau: mijusi saba, mahali, saa, na kwenye safu ya nne jina langu. Mpaka leo sijui alikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya mijusi.

Sasa nieleze ya mama.

Kwetu ni Uporoto, juu, ambako viazi vinaota na nguo hazikauki. Enzi zile juu ya kijiji kulikuwa na nyika ambayo haikulimwa. Mvua zikianza ilijaa maua: ya manjano, ya waridi, meupe yenye mikia mirefu, mengine madogo yenye sura ya wadudu. Chini ya maua yale kuna mizizi minene kama vidole vya mtoto. Wazambia wanaiita chikanda. Wanaitwanga, wanaipika na karanga mpaka igande kama mkate, na wako tayari kuifuata mbali. Mama na jirani zake wawili walikuwa wanaichimba msimu wake na kuwauzia wachuuzi wa Tunduma. Kilichonivalisha sare ya shule kilitoka humo. Tulijua nyika imewekwa hifadhi. Tulijua kama mtu anavyojua mvua itanyesha: unatoka hivyohivyo.

Likizo ya kuingia kidato cha nne mwalimu alitupa kazi: chagua mahali pamoja, tazama siku kumi. Nilichagua nyika, maana nilitaka kumshinda kila mtu. Nilikuwa natoka na mama asubuhi, yeye na jembe lake dogo, mimi na daftari. Nilichora maua kwa penseli za rangi nilizoazima kwa mtoto wa mwalimu mkuu. Niliandika kichuguu kipo wapi, jiwe lipo wapi, njia inapinda wapi. Niliandika kwamba pale palipochimbwa mwaka jana maua hayakurudi. Na kwenye safu ya nne, siku baada ya siku, zote kumi kwenye ukurasa mmoja, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mama na jirani zake wawili, wanachimba.

Sikuwa mjinga. Nilikuwa mtoto hodari aliyefundishwa kutoacha safu wazi.

Wiki ya tatu ya muhula walinzi wa hifadhi walipanda nyikani moja kwa moja, bila kuuliza njia, wakawakuta wale wanawake watatu pale kwenye kichuguu saa moja na nusu asubuhi. Mama alijaribu kusema alikuwa anatafuta kuni. Mlinzi mmoja, kijana, akamwambia bila ukali, "Usikatae, mama. Mwanao ameandika vizuri kuliko sisi."

Mama hajui kusoma. Kanisani kwetu yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Mchungaji akitaja namba, mama alitoa sauti ya kwanza na wengine wakafuata. Jumapili baada ya rumande mchungaji alitaja namba, watu wakasubiri, na kukawa kimya. Mwisho akaanzisha mtu mwingine, juu mno, wimbo ukawashinda kwenye ubeti wa pili. Mama hajaanzisha wimbo tangu siku ile. Wenzake wawili hawakumlaumu yeye. Waliuliza tu, kila walipokutana naye kisimani, kama mwandishi hajambo.

Nami nilipofika nyumbani hakunipiga wala hakulia. Aliuliza karatasi hiyo iko wapi, kwamba anataka kuishika. Nilipokuja Krismasi aliuliza kabla ya salamu: "Umeileta?" Na mwaka uliofuata. Na uliofuata.

Nilikwenda kwa mwalimu kuomba daftari. Alikuwa anasahihisha. Akasema, "Linatumika," akaendelea kusahihisha. Neno moja. Kwenye mtihani wa taifa wa baiolojia niliandika namba yangu nikaacha karatasi nyeupe. Nilikaa dakika zote nikitazama buibui kwenye dirisha, na ninaweza kukueleza hata sasa alivyosuka. Elimu yangu iliishia hapo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Ubaruku, Tunduma, Kyela, Dar es Salaam, Tanga, Dar tena. Sikai mahali zaidi ya miaka minne. Dar nilifanya kazi kwenye yadi ya simenti na nondo, karibu na mahali mto unapoingia baharini katikati ya mikoko, na nilijiapiza sitatazama kitu. Nilishindwa wiki ya kwanza. Kunguru wa pale walijua siku. Ijumaa walihamia ukuta wa msikiti wa jirani kulikopikwa pilau, Jumapili wakarudi kwa mama wa chapati, na Jumatatu, mabaki yanapokuwa machache, walipigana wenyewe kwa wenyewe. Kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa walitoka matopeni wote kwa pamoja, wakaupunga, wakazama kivuli changu kilipowagusa. Mti wa mkungu uliokuwa langoni uligeuza majani mekundu na kuyaangusha wakati miti yote mingine imenawiri, kama mgeni asiyejua msimu wa mahali. Mvua kubwa za masika zilipofurika yadi, vyura walitaga kwenye toroli la zege, na mafundi wakasubiri siku kadhaa bila kulitumia, kila mmoja akidai ni mwingine aliyekataza.

Sikununua daftari. Niliandika nyuma ya risiti za simenti: mahali, saa, kilichoonekana. Safu ya nne niliipiga mstari na kuiacha wazi.

Kisha nikapata namba ya binti yake. Mwenzetu wa zamani ndiye aliyenitumia; mwalimu alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, na binti, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemchukua Iringa. Nikaanza kutuma picha. Nilitaka apate angalau ndege mmoja asiyemjua, mtu wa milimani yule, nami nimwambie jina lake. Nilimtumia ndege mkubwa wa matope, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Binti akajibu baada ya saa moja: "Mwalimu anauliza maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa." Sikujua. Miaka yote hiyo nimekaa pwani, na mtu ambaye sijui kama aliwahi kuloweka mguu baharini ananikamata kwa maji kujaa na kupwa. Nikamtumia kunguru. "Mwalimu anasema hao hata mpofu anawajua." Nikamtumia ua la mkoko. "Mwalimu anasema picha ni ya simu. Wewe umeona nini?"

Tulikwenda hivyo miaka miwili. Daftari hakulitaja, nami sikulitaja. Nilidhani lile neno la mpofu lilikuwa mzaha tu.

Mwaka huu mama ameishiwa nguvu za kutembea mpaka kanisani. Nilipompigia kumwambia narudi kabisa, kwamba nimeachana na pwani, aliuliza lile swali lake. Basi langu lilipita Iringa. Nikashuka.

Nyumba ya binti iko mlimani, kwenye mawe makubwa yanayoshikilia mji ule. Mwalimu alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta, ameelekea kwenye jiwe lenye pimbi wanaoota jua. Nilipomwamkia aligeuka upande usio wangu. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama ute wa yai lililochemshwa. Binti alinieleza mlangoni, kwa sauti ya kuchoka, kwamba daktari yupo, hospitali ipo, baba amekataa. Daktari wa macho ni mwanafunzi wake wa zamani, na baba anasema yule hakuwahi kuchora seli bila kusahau kiini.

"Umeona nini njiani?" mwalimu aliuliza.

Nikamwambia nimekuja kuchukua daftari.

Hakujifanya hajui ni lipi. Alimwita binti, akamwelekeza sanduku la bati chini ya kitanda, daftari la tatu kutoka juu, lenye jalada la bluu. Likaja. Lilikuwa limetunzwa kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki; amelifunika kwa karatasi ngumu na kuliandika jina langu ubavuni. Nililishika nikamwuliza swali nililolibeba tangu ujana.

"Walilichukua, au ulilipeleka mwenyewe?"

"Nililipeleka. Nilipanda lori la viazi mpaka ofisini kwao."

"Ulijua ni mama yangu."

"Uliandika 'Mama'. Ningeachaje kujua?"

"Ungeweza kufuta."

Akatikisa kichwa, si kwa majuto, bali kama mtu aliyesikia jibu lisilo sahihi. Alisema rekodi haifutwi. Kisha pimbi mmoja akalia juu ya jiwe, na uso wa mwalimu ukaelekea huko kabla ya kurudi.

"Nilidhani wataweka bango," alisema.

Nilicheka. Sikukusudia. Nilimwambia kwamba bango liliwekwa, ndiyo, baada ya wanawake watatu wenye vijembe, na miaka michache baadaye likang'olewa na trekta. Nyika yote sasa ni viazi, mashamba ya wakubwa, na hakuna aliyekamatwa. Alisema anajua. Alikuwa amepanda kuangalia wakati bado anaona, akatembea kutwa, hakuona hata jani.

"Ndiyo maana nakuomba usiliondoe," alisema. "Hakuna mtu mwingine aliyeandika mahali pale."

Sikuwahi kumsikia akiomba. Ningekuwa mtu mwema hapo ndipo ningelainika. Nilifungua daftari nikatafuta ule ukurasa, na nikaupata bila shida, kwa sababu pembeni ya mistari inayomtaja mama kulikuwa na wino wake mwekundu. Alikuwa amesahihisha kazi yangu kabla ya kupanda lori. Aliandika: "Safi. Taarifa kamili."

Nikauchana. Binti akasimama. Mwalimu alisikia, akakaza mikono yote miwili kwenye kiti.

"Ukurasa gani?"

"Wa mama."

Akahesabu kwa midomo, ukurasa kwa ukurasa, na nikaona kwamba analijua daftari lile kwa moyo. "Nyuma yake kuna lile ua la zambarau," alisema taratibu. "Lenye kidevu. Ulilichora siku ya sita. Sijaliona kwenye kitabu chochote, na wataalamu niliowaandikia hawalijui. Hilo ni hilo moja tu."

Nikaliweka daftari mapajani mwake, nikakunja karatasi mara nne. Simu ilikuwa mfukoni. Picha moja ingechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Binti aliniangalia mkono, naye alikuwa amefikiria jambo hilohilo. Nikamwambia mwalimu kwaheri. Alikuwa anapapasa ule mpasuko katikati ya daftari kwa kidole gumba, juu mpaka chini.

Njiani, kati ya Iringa na Mbeya, niliifungua karatasi mara moja tu. Ua lilikuwapo, limechorwa kwa uvumilivu ambao sina tena: kidevu chake, madoadoa yake, jani moja limejikunja. Chini yake nilikuwa nimeacha nafasi ya jina. Niliikunja tena.

Nilimkuta mama jikoni, kwenye kigoda, maharage motoni. Safari hii hakuuliza. Aliona mkono wangu. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaifungua, akaupitisha mkono juu ya maandishi, akaniuliza jina lake liko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza ile nyekundu ni nini. Nikamwambia ni mwalimu, anasema nimeandika vizuri. Akatikisa kichwa mara mbili, akaikunja kama ilivyokuwa, akaisukuma chini ya sufuria kati ya kuni mbili. Ilishika moto upande mmoja, ikainuka kidogo, ikajifungua yenyewe kwa joto.

Mama alikuwa anakoroga maharage. Hakuuliza upande wa pili kulikuwa na nini, nami sikumwambia.